Mheshimiwa Ndoo Hajajibu

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mbao zote za chuo, hata ule ubao wa nyuma ya jiko ambao kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kuuzuia mlango usijifunge. Lilisema kwa herufi kubwa kwamba Ofisi ya Mkurugenzi wa Ustawi wa Wanafunzi, kwa kushirikiana na Ofisi ya Mkurugenzi wa Ustawi wa Wanafunzi, inazindua Mwezi wa Hamasa ya Ushiriki wa Hiari, na kwamba mwanafunzi yeyote ambaye hatashiriki kwa hiari yake mwenyewe atachukuliwa hatua kali.

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kukurupuka. Sababu zake zilikuwa nzito. Katika uchaguzi uliopita wa baraza la mji, kati ya wanafunzi elfu nne na mia mbili, waliopiga kura walikuwa kumi na tisa, na wanne kati yao walikiri baadaye kwamba walidhani ile ni foleni ya chakula. Wizara ikaona aibu. Ikaandika barua kwamba safari hii chuo kitakachoongoza kwa ushiriki, mkurugenzi wake atapandishwa cheo na kuhamia wizarani, ghorofa ya sita, kwenye zulia. Mkurugenzi aliisoma barua ile mara tano. Alikuwa amekalia kiti kimoja miaka kumi na minne, sakafu yake ilikuwa ya saruji, na miguu ilikuwa imeanza kumuuma.

Siku ile ile mpwa wake aliingia ofisini na boksi la karatasi. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti wa dada yake, mwembamba wa umbo na mnene wa maneno.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kaa. Hapana, simama. Hapa ofisini mimi si mjomba."

"Sawa, Mkurugenzi. Nimeleta tena yale maombi ya barua za ukaazi."

"Yapi hayo?"

"Mjomba jamani! Daftari la wapiga kura ni jipya, kadi zote za zamani zimekufa. Anayekaa kwenye nyumba ya chuo haandikishwi mpaka awe na barua ya ofisi hii. Bila barua hatuandikishwi, bila kuandikishwa hatupigi kura. Hiyo hamasa tunayo, hata ya kugawa. Tunachotaka ni barua."

Mkurugenzi alimwonea huruma. Ujana una namna yake ya kuona mambo kuwa mepesi. Alivuta muhuri wake mkubwa, akaupulizia, akaanza kugonga juu ya kila ombi neno moja: LINASHUGHULIKIWA.

Muhuri huo ulikuwa na historia ya kuheshimika. Miaka ya nyuma, wakaguzi walipokuja, Mkurugenzi aliwafurahisha kwa kutunga Kifungu cha Kumi na Mbili, kinachosema kwamba ombi lolote lisilojibiwa ndani ya siku saba za kazi litahesabika limekubaliwa, na katibu ataligonga muhuri wa idhini bila kuuliza. Kifungu kilisifiwa hadi magazetini. Kesho yake Mkurugenzi akaagiza ule muhuri mwingine, na tangu hapo hakuna ombi lililowahi kukosa jibu.

"Tatizo lenu si karatasi," alimwambia mpwa wake huku akigonga. "Ni mazoea. Hamjazoea kupiga kura."

"Tutazoea vipi kitu tusichoruhusiwa kukifanya?"

"Hilo," alisema Mkurugenzi, akilirudisha boksi, "ndilo ninalolishughulikia."

Kamati ya Hamasa ilikutana kesho yake. Ilikuwa na watu watatu: Mkurugenzi mwenyewe, Mwanasheria wa chuo, mzee mkavu aliyesoma kanuni hata anapokunywa chai, na Katibu Muhtasi, mama wa makamo aliyekwisha kufanya kazi na wakurugenzi wanne na kuwazika wawili.

"Tutawapa uchaguzi wa mazoezi," Mkurugenzi alifungua kikao. "Ila kila kitu kiwe cha kweli. Karatasi za kweli, sanduku la kweli, wino ule usiotoka kidoleni. Wizara ije ipige picha."

"Wagombea ni akina nani?" aliuliza Mwanasheria.

Hapo pakawa na kazi. Ukimsimamisha mwanafunzi, ana marafiki. Ukimsimamisha mwalimu, ana maadui. Ukimsimamisha mtu wa chama, hiyo ni siasa, na siasa chuoni imepigwa marufuku. Chupa mbili za chai zilikwisha kabla Mkurugenzi hajapata jibu, na lilikuwa jibu linalostahili zulia.

"Sisi tunataka wapige kura," alisema. "Hatukusema wachague. Tusimamishe vitu."

Vikateuliwa vitu vitatu vilivyokuwa karibu, visivyo na ukoo wala itikadi: Kiti, Feni na Ndoo. Ndoo ilitolewa kwenye kabati la mfagizi. Ilikuwa ya plastiki, ya buluu, ya lita ishirini, yenye mshikio wa waya.

"Wanagombea nafasi gani?" Mwanasheria hakuchoka.

"Nafasi gani tena, mzee? Si mazoezi?"

"Mpiga chapa hachapi karatasi ya kura isiyo na nafasi. Kanuni ya tisa."

Wakampigia simu Mkuu wa Chuo, akasema nafasi yake isiguswe hata kwa ndoto. Mhasibu Mkuu alikata simu kabla swali halijaisha. Mkurugenzi akatazama saa. Ilikuwa inakaribia saa ya chakula cha mchana.

"Andika ya kwangu," alisema. "Ndoo itanifanya nini?"

Katibu Muhtasi aliyaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za kikao, neno kwa neno, kama alivyofundishwa.

Kampeni zilichukua siku tatu. Mkurugenzi alitarajia vijana wacheke kidogo, wapige kura, waende zao. Hakujua kwamba ukimnyima mtu uchaguzi wa kweli kwa miaka, ule wa uongo ataufanya wa kweli. Mabango yakachorwa kwa mkaa. Walioposa na kuposwa wakakosana kwa ajili ya Feni. Siku ya tatu mpwa wake alipanda jukwaani katika ukumbi uliojaa mpaka madirishani, akaweka ndoo mezani na kuipangusa kwa leso.

"Ndugu zangu," alisema, "Kiti namheshimu. Lakini tangu lini kiti kikamwinukia mnyonge? Kiti kinawajua wakubwa tu. Feni naye anazunguka kutwa nzima na jioni yuko palepale. Wa aina hiyo tunao wa kutosha. Haya, mtazameni Ndoo. Bomba la bweni likikauka, nani anasimama na nyinyi kwenye foleni? Akijaa, mnamwona amejaa. Akiwa mtupu, hawaambii kwamba ana kitu. Na hajawahi kumkatiza mtu maneno."

"Hana sera!" alipiga kelele kijana mmoja wa Feni.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu!" alijibu mpwa, na ukumbi ukalipuka.

Siku ya kura foleni ilizunguka maktaba mara mbili. Hakuna aliyesukumwa. Mkurugenzi, kama msimamizi wa uchaguzi, alisimama kando ya sanduku, na tuseme ukweli, machozi yalimlengalenga. Waliojitokeza walikuwa elfu nne na sabini na nne, asilimia tisini na saba. Feni alipata kura sitini na saba. Kiti mia mbili na moja. Zilizobaki, elfu tatu mia nane na sita, zote za Ndoo. Mbele ya kamera Mkurugenzi alisoma fomu kwa sauti ya redio: "Kwa mamlaka niliyopewa, ninamtangaza Ndoo kuwa amechaguliwa kihalali kuwa Mkurugenzi wa Ustawi wa Wanafunzi." Akasaini, akagonga muhuri, akainyanyua ndoo juu kama nahodha aliyetwaa kombe. Usiku ule alilala akiota zulia.

Asubuhi alipoingia ofisini alimkuta Ndoo ameketi kitini kwake. Kando yake alisimama Mwanasheria, karatasi mkononi.

"Hii ni nini?"

"Fomu ya makabidhiano. Saini hapa, na hapa. Funguo ziache mezani."

"Mzee, ule ulikuwa uchaguzi wa mazoezi!"

"Nimelitafuta neno mazoezi kwenye karatasi zote, sikulikuta. Nimekuta tangazo, wagombea, kura, wino na muhuri wako. Sheria haina kifungu cha mzaha."

Mkurugenzi akaishika simu ya mezani kama mtu anayezama anavyoshika jani, akampigia ofisa wa wizara.

"Asilimia tisini na saba!" ofisa alimpokea kwa shangwe. "Kaka, umetutoa kimasomaso. Waziri amesimama nayo bungeni asubuhi hii."

"Ndiyo, lakini aliyeshinda ni ndoo."

"Uchaguzi ulikuwa halali, haukuwa halali?"

"Tunaweza kusema kwamba..."

"Hapana, kaka, sikia. Ukisema haukuwa halali, tisini na saba inageuka sifuri. Sifuri hiyo Waziri atamuuliza nani? Atamuuliza aliyesimamia. Sasa nijibu polepole."

Mkurugenzi alijibu polepole, kama alivyoagizwa.

"Ulikuwa halali."

"Hongera sana! Na kile cheo wala usiwe na wasiwasi. Barua ilisema tutampandisha mkurugenzi wa chuo kitakachoongoza. Tutamwandikia yeye mwenyewe."

Chuo si mahali pa watu wasio na utu. Mkurugenzi wa zamani hakufukuzwa. Alipewa cheo cha Mshauri wa Mkurugenzi na meza kwenye korido, karibu na mashine ya fotokopi, ambako kila aliyepita alimwomba amsaidie kuiwasha.

Wanafunzi walileta maombi yao siku ya kwanza ya uongozi mpya. Hawakuhitaji kubisha hodi; walitumbukiza tu. Hadi saa sita mchana Mkurugenzi mpya alikuwa amejaa na kumwagwa mara tatu, na Katibu Muhtasi aliandika tarehe ya kupokea juu ya kila karatasi. Mshauri alipoona boksi zima la barua za ukaazi limo, damu ikamchemka. Alijipenyeza ofisini, akaunyakua muhuri wa LINASHUGHULIKIWA.

"Weka chini," alisema Katibu Muhtasi bila kuinua macho. "Huo ni wa Mkurugenzi."

"Basi mimi ninamshauri augonge."

"Mshauri tu, ndiyo kazi yako."

Mshauri akaikabili ndoo. Akaishauri kwa dakika nzima, kwanza kwa ukali, kisha kwa adabu.

"Amesemaje?" aliuliza Katibu Muhtasi.

"Mama, usinitanie."

"Sikutanii. Naandika: hajajibu."

Siku saba za kazi zikapita. Ndoo alitulia kama maji mtungini. Asubuhi ya siku ya nane, kwa mujibu wa Kifungu cha Kumi na Mbili, kila kitu kilikuwa kimekubaliwa: pampu ya maji, taa za ngazi za bweni, na barua za ukaazi elfu nne na ushee. Mafundi wakaja. Katibu Muhtasi aligonga muhuri wa idhini mpaka mkono ukavimba, akahamia mkono wa kushoto. Wanafunzi wakateremka mjini kwa makundi, wakajiandikisha, wakarudi wakionyeshana kadi zenye picha ambamo hakuna aliyependeza. Ofisi haikuwahi kufanya kazi kwa kasi ile tangu ijengwe, na bosi hakuwa ameinua hata mshikio.

Jioni moja mpwa alimpitia mjomba wake pale koridoni.

"Mjomba, wewe umeshajiandikisha?"

"Mimi? Mimi nimekuwa mpiga kura kabla mama yako hajaolewa."

"Kadi za zamani zimekufa, nilikwambia. Na nyumba yako ni ya chuo. Unahitaji barua."

Kweli tupu. Zamani angejiandikia mwenyewe kwa dakika moja, na alikuwa amepanga kufanya hivyo siku ya mwisho, mbele ya waandishi wa habari.

"Niandike ombi kwa ndoo?" Sauti ilimpanda. "Mimi?"

"Mistari mitatu tu, Mjomba. Niandikie sasa hivi, nikakutumbukizie."

"Nenda ukasome!"

Alikuwa na hamu ya kupiga kura, tusimsingizie. Hajawahi kukosa hata moja maishani mwake; baba yake mzazi alimfundisha kwamba mtu mzima asiyepiga kura ni mgeni kwao. Lakini kiburi ni mzigo usio na pa kuutua. Usiku huo aliandika "Ndugu Ndoo," akakasirika, akachana. Kesho yake akaandika "Mheshimiwa Ndoo," neno likamkwama kooni kama mwiba wa samaki, akachana. Siku ya tatu alipeleka barua iliyoanza "Kwa yeyote anayehusika," na Katibu Muhtasi akamrudishia, kwa maelezo kwamba anayehusika anajulikana na yuko ofisini. Siku ya nne ndipo alipofumba macho, akaandika kama watu wote:

"Mheshimiwa Ndoo. Yah: Ombi la barua ya ukaazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu."

Aliitumbukiza mwenyewe, akasimama pale kungoja.

"Imepokelewa leo," alisema Katibu Muhtasi, akiandika tarehe. Kisha akatazama kalenda, na uso wake ukabadilika. "Baba, daftari linafungwa baada ya siku tano za kazi. Kifungu kinataka saba."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hazitoshi."

"Nigongee tu ule wa idhini, mama. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na minne."

"Siwezi. Bosi hajajibu."

"Bosi ni ndoo!"

"Ndiyo maana nakwambia hajajibu."

Alimkimbilia Mwanasheria, akamkuta na chai na kanuni zake. Akamwomba atafute hata kaupenyo kadogo. Mzee alisoma Kifungu cha Kumi na Mbili kuanzia mwanzo hadi mwisho, akavua miwani.

"Nani alikiandika hiki?"

"Mimi."

"Kazi nzuri sana. Siku saba ni saba. Nimekaa kwenye sheria miaka arobaini, sijaona kifungu kilichozibwa vizuri hivi."

Mpwa naye alisikitika kwa dhati, maana damu nzito kuliko maji. Alikwenda hadi kwa waandikishaji mjini kumwombea mjomba wake, wakamwambia bila barua hakuna jina. Alirudi na viatu vimejaa vumbi, akakaa kwenye ukingo wa meza ya koridoni.

"Wote tulingoja siku saba, Mjomba. Ningekuwa na za kukuazima ningekuazima."

Mshauri alikuwa akiyakumbuka yale maboksi yote aliyoyarudisha, mwaka baada ya mwaka, na kwa mara ya kwanza yalikuwa na sura za watu. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio.

Siku ya uchaguzi wa baraza la mji chuo kilibaki kitupu. Wapishi walikwenda, walinzi walikwenda kwa zamu, Mwanasheria alikwenda na kanuni zake kwapani. Mshauri alisimama dirishani akiwatazama wakirudi na vidole vyenye wino, wakibishana juu ya diwani yupi atatengeneza barabara na yupi ni mdomo tu. Walibishana mpaka giza likaingia, na hakuna aliyewahamasisha.

Hesabu zilipofika wizarani, watu walisimama ofisini wakapiga makofi. Ndani ya jumuiya nzima ya chuo, wanaokaa katika nyumba za chuo walikuwa wamejiandikisha wote na kupiga kura wote, isipokuwa mmoja. Barua ya kumpandisha Ndoo cheo ilikuwa imetumwa mapema. Hakuikataa ndani ya siku saba, kwa hiyo alikubali, na gari lilikuja kumchukua hadi ghorofa ya sita. Inasemekana amri yake ya kwanza ilikuwa sawa na ya pili.

Lakini wizara haikulala usingizi kwa ajili ya yule mmoja. Mtu mmoja asiye na mwamko huambukiza. Ikaundwa kamati, ikatengwa bajeti, na Jumatatu iliyofuata akaletwa mwezeshaji, binti mchangamfu mwenye kalamu za rangi na bango lenye maandishi: SEMINA YA SIKU TATU KWA WASIOPIGA KURA. Ukumbi ulipangwa viti mia mbili. Mshiriki aliketi mbele, amevishwa fulana iliyomkaba tumboni.

"Karibu sana, mzee wangu. Hapa hatuhukumiani. Kwa nini hukupiga kura?"

"Nilitaka, mwanangu. Nilitaka sana. Nilikosa barua ya ukaazi. Niliomba, ila siku hazikutosha."

Mwezeshaji alimtikisia kichwa kwa upole, akaandika kwenye daftari lake huku akitamka kila neno: "Mshiriki bado anatoa visingizio. Aongezewe siku mbili."

"Lakini ndiyo kweli yenyewe! Waulize..."

"Maswali na maoni ni siku ya mwisho, mzee wangu. Sasa tugawanyike katika makundi manne, tujadili umuhimu wa kura, halafu kila kundi litawasilisha."

Mshiriki alitazama nyuma. Viti mia moja tisini na tisa vilimtazama.

"Niko peke yangu," alisema.

"Ndiyo maana tunaanza na kundi la kwanza," alisema mwezeshaji, akapiga makofi mawili ya kumtia moyo. "Kundi la kwanza, karibuni mbele."

Kundi la kwanza likavuta fulana chini, likasimama.